Mpiga Picha wa Ndiva

Mpiga picha hayumo pichani. Ndivyo nilivyosema, nanyi mkacheka, mkadhani bibi yenu anasema jambo ambalo hata mtoto mchanga analijua. Haya, endeleeni kumenya maharage, masikio mnipe mimi. Methali hii haina umri mrefu. Ilizaliwa hapa hapa kwetu milimani Upare, na aliyeizaa ni msichana mmoja aliyeitwa Nakijwa.

Wakati huo simu zetu zilikuwa za kupigia na za kumulikia njia ya chooni, basi. Nakijwa alikuwa na kamera ya video, kijidude cha kuingia mfukoni, alichopewa na mjomba wake aliyerudi kutoka masomoni. Alipiga kila kitu: harusi, mnada, mbuzi wa mchungaji akila maua ya kanisani. Siku ya soko aliteremka mjini kwenye duka la intaneti, akaziweka video zake kwenye blogu yake, na Wapare waliotawanyika duniani wakazitazama na kulia kwa kukumbuka kwao. Hakulipwa na mtu. Alijivunia kijiji chake na alitaka kionekane.

Sasa, ndiva yetu mnaijua, lile bwawa la maji tuliloachiwa na wazee, na sheria yake mnaijua: nyumba isiyotoa mtu kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kulitengeneza, haipati zamu ya maji. Mwaka ule ukuta wa ndiva ulibomoka katikati ya kiangazi. Mwenyekiti wa ndiva, Mzee Senkondo, akaita msaragambo. Mzee yule alikuwa mkali, lakini hakuwa mwonevu. Kilichomchosha ni uongo. Kila kazi ikiisha, wavivu walikuja na mashangazi na mashemeji wa kuwatetea: "Alikuwepo, nilimwona kwa macho yangu!"

Safari hii akasema, "Midomo imetuchosha. Nakijwa atapiga picha kazi yote, kisha tutaitazama pamoja. Atakayeonekana, alikuwepo. Asiyeonekana, asituletee shahidi."

Nakijwa alifurahi, we! Kamera yake imekuwa mzee wa baraza. Hakufikiri zaidi ya hapo, wala hakuna mwingine aliyefikiri.

Kwao walikuwa yeye na mama yake tu, na mama alikuwa amevunjika nyonga, hatoki kitandani. Shambani maharage yalikuwa yametoa maua, na maua ya maharage hayajui kusubiri. Wakikosa zamu ile ya maji yanapukutika, na chakula cha nyumba kimekwenda. Siku ya msaragambo watu walimwona Nakijwa asubuhi amesimama juu ya mwamba akipiga picha. Lakini mawe yalipoanza kupokezanwa kutoka mtoni, alichana kipande cha kanga, akajifunga kamera kwenye paji la uso, akaingia kwenye mstari kama wenzake.

Jumapili baada ya ibada tukajaa kwenye kibanda cha Kiondo, kile cha kutazamia mpira. Kamera ikaunganishwa na televisheni. Kiondo akazima sauti ili Mzee Senkondo asikike akiziita nyumba. Nyumba ikiitwa, mtu wake anajionyesha kwenye kioo, watu wanapiga makofi. Wavivu wawili waliumbuka, wakatoroka kwa mlango wa nyuma, tukacheka hadi mbavu zikauma.

"Nyumba ya mama Nakijwa!"

Tukatazama. Tukatazama hadi mwisho. Nakijwa hayumo.

"Lakini baba, mimi ndiye niliyekuwa napiga!"

"Najua, mwanangu, na tunakushukuru. Ila kupiga picha si kubeba mawe."

"Nilibeba!"

Mama yake mkubwa, Naetwe, akainuka. "Mzee, huyu mtoto nilimwona mimi..."

"Kaa, Naetwe. Wewe ni mama yake mkubwa. Tulikubaliana nini? Shahidi ni picha. Nikiilegeza sheria kwa mtoto mzuri, kesho nitailegeza kwa nani? Zamu imepotea."

Nakijwa akayaona maua yale meupe yakianguka moja moja. Hasira ilimpanda, jamani: anayewaonyesha wote ndiye haonekani! Machozi yalifika kwenye kope, akayarudisha yalikotoka. Hakulia na hakuomba.

"Sawa, baba," akasema. "Shahidi ni picha. Ila shahidi mwenyewe mmemziba mdomo. Kaka Kiondo, rudisha nyuma, fungua sauti."

Kiondo akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa.

Kwanza ikaja pumzi, pumzi nzito ya mtu aliyechoka, karibu kabisa na masikio yetu. Kisha tukaona kitu tulichokuwa tumekipita mara ya kwanza bila kukijali. Kutoka chini ya kioo mikono miwili yenye tope inachomoza na jiwe, inalitoa, inarudi, inachomoza tena na jingine. Mbele yake upo mgongo wa mwanamume aliyeinama ukutani, fulana ya bluu imetoboka begani. Hageuki. Anarudisha mikono nyuma, anapokea jiwe, analipanga.

Fulana ile kila mtu aliijua. Watu wakaanza kumtazama Mzee Senkondo.

Na mgongo ule ukasema, sauti ikajaa kibanda kizima: "Wewe uliye nyuma yangu, sijui ni nani na sina nafasi ya kugeuka, lakini Mungu akuzidishie. Hujanichelewesha hata jiwe moja. Ukuta huu ni wangu na wako."

Sauti ya msichana anayehema ikamjibu, "Amina, baba. Shika, hili lina makali."

Lo! Kibanda kikalipuka. Naetwe alipiga kigelegele hadi mbwa wakabweka. Mzee Senkondo akasimama taratibu, akavua kofia, yeye ambaye hakuivua hata mbele ya wakubwa wa serikali.

"Tangu siku ile namtafuta mtu huyu nimshukuru," akasema, "kumbe nimemnyima maji." Akatugeukia sote. "Wenzangu, tuliweka sheria tukasahau jambo moja. Mpiga picha hayumo pichani."

Alfajiri iliyofuata mwenyekiti mwenyewe, jembe begani, alifungua mfereji na kuyasindikiza maji hadi shambani kwa mama Nakijwa. Mama alisikia maji yakipita chini ya dirisha, akauliza kuna nini. Nakijwa akamwekea video ile. Mama akaitazama ile mikono ya kwenye kamera, akaishika ya binti yake iliyochubuka, akasema kwa sauti ya majivuno, "Hii naijua. Hii ni ya kwetu." Na kwenye blogu, chini ya video hiyo, Nakijwa aliandika maneno mawili tu: Nipo hapa.

Haya, Mbonea, lete hiyo simu. Hii ndiyo picha yenu mkifyeka njia ya zahanati, mliyoikodolea macho mkasema Elineema hakutokea, mvivu yule. Nawaona nyote, mmeinua mapanga, meno nje. Nauliza tu, maana macho yangu yamezeeka: simu aliishika nani?

Sasa mnatazamana! Inuka, Mbonea, nenda ukamwite aje tule naye haya maharage. Ukishamsalimia, mwambie bibi anasema: mpiga picha hayumo pichani.