Kilio Kimoja cha Thornwick

Alasiri ya tarehe 25 Machi, mwaka 1278, mtoto alilia mara moja katika kijiji cha Thornwick, mashariki mwa Uingereza, kisha akafa. Mama yake, Sabina, alimfuata kabla jua halijatua.

Sikilizeni vizuri, maana kilio hicho kilikuwa na kazi.

Nyumba na mashamba vilikuwa vya Sabina, alivyopewa na baba yake siku ya ndoa; baba naye alikuwa amepewa na mfalme. Mumewe, Hamo, alihamia hapo pamoja na mama yake mzazi, Bibi Alina, aliyepooza miguu. Sheria ya nchi ilisema hivi: mke mwenye ardhi akifa, mumewe ataikalia ardhi hiyo maisha yake yote, iwapo walizaa mtoto aliyesikika akilia ndani ya kuta nne. Hata kama mtoto aliishi kwa pumzi moja. Asiposikika, mume hufungasha virago. Tena walioruhusiwa kutoa ushahidi wa kilio ni wanaume peke yao, ilhali chumba cha uzazi mwanamume haingii.

Watu watatu walikuwa karibu siku ile. Golda, mkunga, alikuwa na mikono: nusu ya kijiji ilizaliwa ndani ya viganja vyake. Orm, mwezekaji, alikuwa na masikio: watu walisema humsikia panya akitafuna nyasi upande wa pili wa paa. Ranulf, kaka yake Sabina, hakuwa na kipaji ila ulimi usiojua uongo, na kwa sababu hiyo hakuwahi kuuza farasi kwa faida.

Mtoto alitoka kimya, mwili umebadilika rangi. Mama alikuwa anavuja damu, na Golda alikuwa ameikandamiza kwa mikono yote miwili.

"Niache mimi," Sabina alisema. "Mlize mtoto."

"Binti yangu, nikikuachia utaisha."

"Na mama mkwe atalala wapi? Mlize, Golda."

Golda aliondoa mikono. Alimpulizia mtoto mdomoni, akamchapa nyayo, akampulizia tena. Mtoto akalia. Golda aliporudi kwa Sabina, damu ilikuwa imepenya godoro la majani mpaka sakafuni. Tangu siku hiyo wanawake wa Thornwick hawakumwita tena Golda kuwazalisha. Walisema alimwacha mwenzao afe.

Orm alikuwa juu ya paa. Tarehe hiyo ni sikukuu ya Bikira Maria, na kufanya kazi ni marufuku. Lakini mvua ilikuwa inadondokea kitanda cha mzazi, na Hamo alimwomba. Mzee huyo wa miaka sitini alipanda ngazi upande wa nyuma, usioonekana barabarani. Alikuwa anashindilia nyasi juu ya chumba aliposikia kilio chini ya magoti yake.

Ranulf alikuwa uani, akimfunga farasi. Alikuwa amekuja kumjulia hali dada yake. Aliishi na mke na watoto watano katika zizi la mtu mwingine. Asingesikika mtoto, ardhi yote ya dada yake ingekuwa yake.

Siku kumi na mbili baadaye alifika Bwana Fulk, afisa wa mfalme. Kazi yake ilikuwa kushika ardhi ya marehemu mpaka ijulikane ni ya nani. Aliketi kanisani na karani wake, akataka wanaume wawili walioisikia sauti. Golda alisimama mlangoni. Hakuulizwa kitu.

"Ulisikia nini?" Fulk alimwuliza Orm.

"Mtoto, bwana."

"Huu ni msimu wa kondoo kuzaa. Umejuaje kwamba hakuwa mwanakondoo?"

"Mwanakondoo huita, husubiri, huita tena. Huyu hakuita tena."

"Nawe ulikuwa wapi?"

Orm alimtazama padri. "Juu ya paa."

"Siku ya sikukuu?"

"Alikwenda kusali karibu na Mungu!" mtu mmoja alipiga kelele kutoka nyuma, na watu wakacheka. Padri hakucheka. Orm alihukumiwa kuchapwa fimbo akizungushwa kanisa, Jumapili tatu mfululizo.

Kisha akaitwa Ranulf.

"Unajua kwamba ukisema hukusikia, ardhi ni yako leo hii?"

"Najua, bwana."

"Unataka muda wa kufikiri?"

"Nimefikiri siku kumi na mbili. Nilitamani niwe kiziwi. Nilisikia."

Mkewe aliinuka, akatoka nje bila kumtazama. Karani akaandika. Nyumba ikabaki kwa Hamo.

Sasa, siku ya mazishi Hamo alikuwa ameapa mbele ya kaburi: atakayemwokolea mama yake paa la kulala, atampa kibanda kilichobomoka na kiwanja cha malisho kando ya mto, alivyoachiwa na baba yake. Kwa kuwa ardhi hiyo nayo ilitoka kwa mfalme, ilimbidi aombe ruhusa. Ruhusa ilikuja mwezi Septemba, imeandikwa kwenye ngozi na kupigwa muhuri. Ilisema apewe mtu mmoja, bila kugawa. Nafasi ya jina iliachwa wazi.

Karani aliweka ngozi mezani kwa Hamo, akachovya kalamu. Watatu wale walikuwapo, pamoja na mke wa Ranulf.

"Mgongo wangu haupandi ngazi tena," alisema Orm. "Sikuchapwa kwa ajili ya paa langu, Hamo."

"Ulichapwa mara tatu, mzee wangu," alisema mke wa Ranulf. "Wanangu wanalala na ng'ombe kila siku. Na huyu mume wangu hatadai, kwa hiyo nadai mimi."

"Mke wangu, tafadhali," alisema Ranulf.

"Tafadhali nini? Ulikuwa na neno moja la kusema, ukasema lile lingine!"

Hamo alimgeukia Golda. "Nawe, mama?"

"Bila mimi wasingekuwa na la kusikia," alisema Golda. "Lakini usiniandike, mwanangu, kama moyoni unaniuliza kwa nini nilimwachia."

Ni kweli Hamo alikuwa akijiuliza.

Bibi Alina alisema kutoka kitandani: "Mwandike Sabina."

"Bibi, maiti hamiliki ardhi," alisema karani.

"Na pale alipolala ni pa nani?"

Wino ulikauka kwenye kalamu, karani akachovya tena, ukakauka tena. Kengele ya jioni ilipolia aliikunja ngozi, akapanda farasi na kuondoka. Nafasi ya jina ilikuwa tupu. Hilo ndilo la mwisho linalojulikana kwa hakika.

Nawe uliyeketi hapa ukisikiliza, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?