Mwantumu, Muuaji wa Kunguni

Ahsante ya chumbani haisikiki barazani. Methali hii mmeisikia leo, mkataka kujua ilikotoka. Basi ilianza hivi.

Pale Ngamiani, Tanga, alikuwepo mjane aliyeitwa Mwantumu, ambaye kazi yake ilikuwa kuua kunguni majumbani mwa watu. Alifungua vitanda ubao kwa ubao, akavimwagia maji ya moto, akapuliza dawa, akaanika magodoro juani. Akiondoka, wenyewe walilala usingizi wa pono. Lakini nani atangaze kwamba kitandani mwake mlikuwa na kunguni? Walimwita kwa kunong'ona na kumshukuru kwa kunong'ona. Naye aliona kuwatunzia siri ndiyo heshima ya kazi.

Siku moja likazuka neno kwamba kunguni huletwa na Mwantumu mwenyewe, awahamishe nyumba hadi nyumba asikose kazi. Waliokuwa wamemwita wakavunja miadi. Wengine wakimwona njiani hugeuza uso. Mwantumu akaanza kufunga mizigo arudi kwao Pangani.

Kabla hajaondoka, alijikaza akaenda kwa Bi Mwanakombo, kungwi aliyeheshimiwa mtaa mzima, ambaye Mwantumu aliwahi kumfanyia kazi.

"Shikamoo, bibi. Nina ombi, na ukinikatalia sitakulaumu."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Kazi yangu ilikuridhisha?"

"Kama si wewe, hata leo ningekuwa nalala mkekani ukumbini."

"Basi naomba uyaseme hayo mbele za watu."

Bi Mwanakombo akauliza, "Unataka watu wajue nilikuwa na kunguni?"

"Nataka wajue kwamba walikwisha. Wanasema mimi ndiye ninayewaleta."

"Hilo sikuambiwa. Na wewe mbona hukuja mapema?"

"Niliona haya, bibi."

"Na mimi niliona haya kukusifu. Tumekuponza kwa haya zetu."

Alasiri hiyo kina mama walikusanyika barazani kwa Bi Mwanakombo kuchagua mchele wa arusi iliyokaribia, Mwantumu akiwa nao. Bi Mwanakombo akasema, bila kuinua sauti, "Kunguni walinitesa mwaka mzima, huku nikiwafundisha wari wenu usafi. Mwantumu huyu akawamaliza kunguni hao, na hawajarudi."

Mikono ikasimama kwenye sinia. Mwantumu hakuthubutu kuinua uso. Kisha Mama Sefu, jirani wa mkabala, akakohoa. "Hata kwangu alikuja. Mume wangu alikuwa hapati usingizi."

"Na kwangu," akasema mwingine.

Wakatazamana. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake, kumbe wako wengi. Kicheko kikawashika hata mchele ukamwagika. Mwantumu naye akacheka huku machozi yakimtoka.

Mama wa bibi arusi akamwambia mbele ya wote, "Kesho njoo kwangu, kabla wageni hawajafika."

Hakurudi Pangani. Tangu hapo, kila alipomaliza kazi alimwambia mwenye nyumba, "Ukiridhika, usiniambie mimi tu. Mwambie na jirani." Waliokubali walikuwa wengi kuliko alivyotazamia, na maneno yao yakamletea wateja hadi kutoka Muheza. Ndipo watu wakasema, na sisi tunasema hadi leo: ahsante ya chumbani haisikiki barazani.