Kiti cha Pili cha Televisheni ya Kwemhande

Hapo zamani, wala si zile za sungura na fisi, ni zamani za juzijuzi tu, televisheni zilipokuwa bado na nundu mgongoni, palikuwa na kituo kidogo cha televisheni mjini Kwemhande, milimani Usambara. Mwaka msiniulize. Nimetembea nchi nyingi, na kila nilikopita nilisahau tarehe moja.

Kilikuwa kidogo kweli: chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, kamera moja, viti viwili, na mtambo wa kurushia matangazo ambao nguvu zake ziliishia kwenye kilima cha pili. Ng'ambo ya kilima hawakujua hata kama kipo. Lakini upande wa huku mbuzi hakupotea wala harusi haikupangwa bila kutangazwa na Mwalimu Shekiondo, saa kumi na mbili jioni.

Mwalimu alikuwa mstaafu. Mwezi wa kwanza wa kustaafu aliumaliza kitandani akiutazama ukuta, chakula hataki, mtu hamtaki. Fundi Hoza, mwenye kituo, ndiye aliyekwenda kumwinua, akamvisha tai, akamketisha mbele ya kamera. Mwalimu akapona. Tangu hapo, kila siku baada ya chakula cha mchana aliandika taarifa yake kwa mkono. Mkewe, Bi Hidaya, akaisoma na kuisahihisha. Nakala moja ikabandikwa mlangoni mwa kituo, nyingine akaingia nayo hewani. Kujiona hakuwahi, maana saa ya taarifa yeye alikuwa yumo ndani ya taarifa.

Basi ikaja amri: mitambo ya zamani izimwe, nchi nzima ihamie digitali. Watu wakanunua ving'amuzi. Mwalimu akamuuliza Hoza, na sisi je? Hoza akamjibu kwamba vituo vidogo vimepewa muda, asiwe na wasiwasi, avae tai.

Mwalimu akavaa tai. Akasoma mwezi wa kwanza, akasoma wa pili, akasoma wa tatu. Akitangaza mbuzi, mbuzi anapatikana. Akitangaza msiba, watu wanajaa. Akirudi nyumbani, Bi Hidaya anamwambia leo umesoma vizuri, ila pale kwenye bei ya kabichi uliharakisha. Akipita sokoni, watu wanamwambia, "Taarifa tumeipata, Mwalimu." Naye akatembea kifua mbele, akaanza hata kupaka ndevu piko.

Siku moja akapotea kondoo wake mwenyewe, dume jeupe lenye sikio moja jeusi. Kamba aliikuta imekatika wakati anatoka kwenda kituoni, na karatasi ilikwisha kuandikwa. Akaona si neno. Akamtangaza kwa mdomo tu, mwisho wa taarifa, kwa sifa ambazo hata bwana harusi hapewi. Hoza, kama kawaida yake, alikuwa anasinzia nyuma ya kamera.

Siku ya kwanza kondoo hakurudi. Ya pili hakurudi. Ya nne Mwalimu akamkuta kwa Shemdoe, mtaa wa pili, anatafuna majani ya mgomba, kanenepa.

"Kumbe ni wako, Mwalimu?" Shemdoe akasema. "Nimeuliza mtaa mzima. Mbona hukutangaza?"

"Nimetangaza. Jumatatu."

"Haikuwamo. Mama Singano ametuletea yote ya Jumatatu, ya kondoo haikuwamo."

Mama Singano alikuwa muuza maziwa. Mwalimu akasimama pale na kamba mkononi, na ndipo akakumbuka kwamba kwa miezi mitatu hakuna aliyemwambia "tumekuona". Walisema tumeipata.

Akawaita watu watatu barazani kwake: fundi, muuza maziwa na mkewe.

"Nataka kujua kitu kimoja," akasema. "Miezi mitatu nimekuwa namsomea nani?" Akasema kama ilikuwa mzaha, yeye anarudi kwenye ukuta wake.

Hoza akatoa mfukoni barua ya ile amri. "Iliniambia nizime mtambo, Mwalimu, nikauzima siku ileile. Taa za studio haikuzitaja. Ningekwambia, ungerudi kulala. Basi kila jioni nikakuwashia taa, nikahesabu tatu, mbili, moja. Na mchana nikawa napanda na kushuka Tanga, safari saba, kutuombea nafasi kwenye digitali. Bila uongo wangu, leo hakuna msomaji wala kituo."

"Uongo wenyewe ulikuwa unausinzilia," Mama Singano akamkata. "Mimi sikumdanganya mtu. Karatasi ya mlangoni niliishika kichwani, nikaipeleka na maziwa asubuhi, nyumba tisini na mbili, mvua na utelezi. Kila mbuzi aliyerudi, nimemrudisha mimi. Mwalimu alisoma, lakini aliyetangaza ni mimi."

Bi Hidaya alikuwa anakunja kanga, haachi. "Nyinyi mlikuwa naye nusu saa," akasema. "Mimi naishi naye. Jioni ya kwanza tu niliwasha televisheni nikaona chenga tupu. Sikusema. Nikamsifu, nikamkosoa kidogo asishuku, kila siku. Watazamaji wote aliodhani anao, walikuwa mimi."

Mwalimu akataka kukasirika, akashindwa aanze na nani.

"Kila mtu amerudishiwa mnyama wake na taarifa yangu," akasema, "isipokuwa mimi."

"Ungeandika," wakamjibu wote watatu kwa pamoja. Hapo Mwalimu akacheka mpaka akalegeza tai.

Juma lililofuata kibali kikafika. Kwemhande itaonekana kwenye ving'amuzi kuanzia Ijumaa, hata ng'ambo ya kilima cha pili. Mwalimu akasema atasoma, kwa sharti moja: kwenye kiti cha pili, ambacho hakijawahi kukaliwa ila na mkuu wa wilaya, atakaa mtu mmoja tu, naye atamtaja mbele ya watu wote kuwa ndiye aliyemweka hewani.

Ijumaa, saa kumi na mbili kasoro dakika tano, wakafika watatu. Hoza kavaa koti la harusi yake, vifungo vimegoma, kamera kaiweka kwenye stendi ijitegemee. Mama Singano kaacha madumu nje, kajifukiza udi. Bi Hidaya kashona gauni la kitambaa kimoja na tai ya mumewe. Kiti ni kilekile kimoja.

"Tatu," akasema Hoza.

Mwalimu kashika mgongo wa kiti. Taarifa nzima kaiandika safari hii, neno kwa neno, ila pale pa jina pako wazi.

"Mbili."

Haya, wasikilizaji. Mmoja alimwashia taa, mmoja aliyabeba maneno yake, mmoja alimtazama. Semeni upesi, Hoza hajasema moja: je, nani alistahili kile kiti?