Kikundi Kilichokataza Salamu

"Asiyesalimiwa hasemi shida." Mnacheka nini? Mmeona namjulia hali kila apitaye mlangoni, sasa mnataka kujua methali hii nimeitoa wapi. Haya, tulieni, ilianza hivi.

Walimu wanane wa chekechea walikuwa wakisomea stashahada kwa simu, kila mtu na wilaya yake. Chuo kiliwaweka kikundi kimoja, na Tumsifu wa Same akawa kiongozi. Uso kwa uso hawakuwahi kuonana. Sasa watu wetu mnawajua: asubuhi habari za kuamka, mchana habari za mchana, na picha za maua juu yake. Tumsifu akachoka. Akaandika, "Ndugu zangu, kuanzia leo ni masomo tu. Salamu zinajaza simu."

Jamani, kukataza salamu! Wakatii. Kazi zikawa zinaingia, lakini hakuna aliyejua mwenzake kaamkaje.

Ikaja kazi ya mwisho, ya pamoja, kila mmoja alete sehemu yake. Ya Nyamizi wa Urambo haikuonekana. Tumsifu akamwandikia, "Sehemu yako iko wapi?" Kimya. Akamkumbusha, kimya vilevile. Basi akatangaza kwamba kesho yake atalikata jina la Nyamizi kwenye kazi hiyo. Maskini, shule yake ilikwishamwambia kuwa mwaka huo asipopata cheti, kazi hana.

Bi Somoe wa Liwale roho ikamuuma. Akampigia.

"Hodi mwenzangu! Umeamkaje?"

Akasikia kilio.

"Sijaamka vizuri, dada yangu. Somo hili sikulielewa tangu mwanzo."

"Mbona hukusema?"

"Ningeanzaje? Utamwambiaje mtu shida yako, na hata kusalimiana hamsalimiani?"

Bi Somoe akaangua kicheko, Nyamizi naye akacheka na machozi yake. Wakafundishana kwenye simu mpaka likaeleweka, na jioni ile sehemu ikaingia.

Bi Somoe akamweleza Tumsifu yote. Naye akaandika, "Habari za jioni, ndugu zangu? Nyamizi, pole sana na kazi. Nilikosea." Weee! Simu zililia hizo! Huyu anauliza watoto, yule anauliza mvua, mwingine anasema na yeye somo lilimshinda, aliona haya tu. Nyamizi jina lake likabaki, cheti akapata, na kazi yake anayo.

Ndiyo maana nikiwauliza mmeamkaje, msinijibu "poa" mkakimbia. Nataka kusikia, wajukuu zangu. Asiyesalimiwa hasemi shida.