Abee ya Mwanakombo

Paukwa!
Pakawa!
Masikio mnayo?
Tunayo!

Wewe uliyejifunika kanga ya mamako, toka usikie. Ukiogopa, shauri yako.

Hapo kale Mwanakombo aliishi na mama yake, wawili tu. Adabu za mtoto huyo, usiseme! Akiitwa na mkubwa, papo hapo: "Abee!"

Siku moja mama akachomwa mwiba mguuni. Kidonda kikatunga usaha, mguu ukavimba, homa ikapanda hata akawa hamtambui mwanawe. Mwanakombo akamkimbilia jirani yao Bi Kidawa, mjuzi wa miti shamba.

"Hapo ni mwarobaini tu," akasema Bi Kidawa. "Tuchemshe majani, tumwoshe kidonda. Lakini mti uko msituni kwa zimwi. Ukiitwa usiitike. Ukiitwa usiitike! Nasema tena mjukuu wangu, ukiitwa usiitike."

"Nimesikia, bibi."

Basi akaenda. Jua la utosi, msitu kimya, hata ndege hakuna. Akachuma konzi ya kwanza.

"Mwanakombooo!" Sauti ya Bi Kidawa. Akauma ulimi, hakuitika.

Akachuma konzi ya pili.

"Mwanakombooo!" Sauti ya marehemu baba yake. Machozi yakamtoka, hakuitika.

Akachuma konzi ya tatu.

"Mwanakombo, mwanangu, nakufa!" Sauti ya mama.

"Abee, mama!"

Lo! Neno lilimtoka lenyewe. Matawi yakavunjika, zimwi hilo mbele yake, jino moja refu kama mchi.

"Umeitika!" likacheka. "Kilichoitika ni changu."

Likamshika koo, likaichomoa sauti yake, likaimeza. Mwanakombo akatoka mbio, majani kayakumbatia kifuani.

Bi Kidawa akayachemsha, akaosha kidonda asubuhi, mchana na jioni. Siku ya saba usaha ukakauka, homa ikashuka. Mama akafumbua macho, akaita:

"Mwanakombo!"

Mtoto yuko hapo hapo kitandani. Akafungua kinywa. Kimya.

Kule msituni kukaitikiwa: "Abee, mama!"

Mama akamvuta mwanawe kifuani. Tangu siku hiyo hakumwita tena kwa jina. Akimtaka, humfuata alipo akamshika mkono.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami sina la kuongeza. Adabu ni njema, wanangu, lakini mtazame kwanza anayewaita ni nani.

Haya, nani huyo ananiita huko nje?