Kalunde Aliyemnyima Moto Mabua

Ngano hii aliisema kwanza Nshoma binti Lugwisha, shangazi wa baba yangu, wakati wa mavuno ya mwaka 1964, mbele ya watoto saba wa nyumba yake. Naiweka kama alivyoisema.

— Ngano inabisha hodi!

— Ipite, tumeiwekea kigoda!

Hapo kale, Moto alipokuwa akitembea kwa miguu na kuomba chakula kama mgeni, palikuwa na mjane aitwaye Kalunde. Alikuwa na majaruba matatu ya mpunga kando ya kijito, na ng'ombe mmoja. Wengine husema alikuwa dume. Shangazi alisema jike, tena mwenye mimba.

Mpunga ulikuwa umevunwa. Kiangazi kilikuwa kirefu, malisho hakuna. Mabua ya mpunga yakiungua, ng'ombe atakufa.

Jirani yake, Ngolo, alimwita Moto amsafishie shamba. Moto akala majaruba yote ya Ngolo asubuhi moja, asishibe.

"Dada Kalunde," Ngolo akacheka, "shamba lako kama kichwa kisichonyolewa! Mabua unayafuga? Yatakuzalia?"

"Yatanizalia, kaka. Wewe subiri."

Siku ya kwanza Moto akasimama mbali.

"Kalunde, Kalunde, nipe mabua!"

"Ng'ombe hajala, udongo haujala. Rudi kesho."

Kalunde akakata mabua ya majaruba yote matatu, akayapanga juu ya kichanja nyuma ya nyumba. Kisha akafungulia maji ya kijito katika jaruba la kwanza, akampitisha ng'ombe huku na huku, mpaka visiki vyote vya mabua vikazama topeni.

Siku ya pili Moto akasimama karibu.

"Kalunde, Kalunde, nipe mabua!"

"Ng'ombe hajala, udongo haujala. Rudi kesho."

Moto akaunguza ncha ya mkia wa ng'ombe, akaondoka. Jaruba la pili nalo likakanyagwa.

Siku ya tatu Moto hakuomba. Alikuja na upepo.

Jaruba la tatu lilikuwa bado kavu, na nyuma yake ni kichanja.

"Mama," ng'ombe akasema, "miguu imekwisha."

"Mzunguko mmoja tu."

"Mtoto amejigeuza tumboni."

"Naye atakula hayo mabua. Twende!"

Kalunde akalibomoa kwa jembe tuta lililozuia maji ya kijito. Maji yakaja, lakini polepole. Moto akaruka. Visiki vya mbele vikawaka. Ng'ombe akakanyaga, Kalunde akakanyaga, nyusi zake zikaungua.

Moto akatia mguu wa kwanza topeni: tsss! Akatia wa pili: tsss! Akatia magoti: tsss! Akabaki moshi.

"Kalunde, umenilisha tope!"

"Ndicho kilichobaki, mgeni."

Ng'ombe akazaa salama. Kiangazi kilipokaza, Ngolo akaja, hacheki.

"Dada, mzigo mmoja tu wa mabua. Ng'ombe wangu hasimami."

Kalunde akampa miwili. Msimu uliofuata mpunga wake ulimfika kifuani. Wa Ngolo ulimfika gotini.

Basi shikeni hili: mabua ni chakula cha ng'ombe na cha udongo. Moto hakualikwa.

Ngano yangu imeishia hapa. Mwenye tope miguuni akanawe.

Kalunde amekufa. Ngolo amekufa. Ng'ombe amekufa, na ndama wake pia. Shangazi Nshoma alifariki mwaka 1987. Katika wote hao, aliye hai ni Moto.