Mbaazi Kwenye Jiko la Fisi

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitika kama wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, Mama Fisi alikuwa na jiko la kuchoma nyama njia panda. Alikuwa na watoto watatu na ulimi kama wembe. Wateja tele: Nyani, Mbweha, Nguchiro. Mafuta chwaa, moshi fuu, watu wakila.

Lakini ng'ombe wake walikula majani ya bonde mpaka likabaki vumbi. Wakakonda. Nyama ikawa ngumu kama kamba ya kitanda. Fisi akaiuza vivyo hivyo.

Ng'ambo ya njia, Kakakuona akapanda mbaazi. Mbaazi hazikudai mvua nyingi. Akazipika kwa nazi. Nyani akaonja, akarudi. Mbweha akamfuata. Mwisho hata Nguchiro, aliyekula kwa Fisi tangu hajaota meno, akavuka.

Fisi akawatukana wote. Akasema wamekuwa kuku wa kudonoa punje. Matusi hayakumrudisha hata mmoja. Siku ya tatu wanawe walishinda wakitafuna mifupa mikavu.

Ndipo akamvizia Nguchiro, akamwomba kibaba cha mbaazi kavu, na asimwambie mtu. Nguchiro akamwambia kila mtu.

Mzoea mishikaki hajui chungu. Fisi akazimwaga mbaazi kavu juu ya wavu. Tiririri, zikapita matunduni, motoni. Pa! Pa! Pa! Moja ikampiga puani. Njia panda nzima ikacheka.

Kakakuona akavuka polepole, magamba kwacha, kwacha.

"Shoga, mbaazi hazichomwi. Hulowekwa usiku kucha, kisha chungu."

"Umekuja kunicheka?"

"Nimeshacheka kule. Huku nimefuata moto. Mafiga yangu hayawatoshi wateja, nawe jiko lako linaota kutu."

Fisi akawatazama wanawe. Akameza kiburi, nacho kilikuwa kigumu kuliko ile nyama yake.

"Chungu kiko wapi?"

Keshokutwa yake njia panda ilinukia nazi. Nyama ikawekewa sikukuu, kipande kimoja kwa kila mtu. Ng'ombe wakafugwa wachache, bonde likaota majani. Watoto wa Fisi wakanenepa. Mama yao anatukana wateja mpaka leo, lakini anayelamba sahani hasikii.

Basi sikilizeni, wakubwa kwa wadogo. Mlaji akihama, usimtukane; badili chungu. Na ukila mpaka bonde liishe, utabaki na meno tu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyekula, aoshe sahani.